Miwani ya Kuendeshea Baiskeli Ukivuka Arobaini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikata lenzi kwa miaka 19 kwenye karakana ya miwani, na nimeendesha baiskeli kwa muda mrefu zaidi ya huo. Jumapili asubuhi tunakutana Walukuba hapa Jinja, wengi tukiwa wa miaka hamsini na kitu, tunatoka kuelekea Iganga au Buwenge kabla jua halijawa kali. Zamani tukipumzika tulibishana kuhusu gia na tairi. Siku hizi mtu akishika simu yake kwa urefu wote wa mkono, mazungumzo yanageukia macho. Maswali haya ndiyo yanayonirudia kila wiki, na majibu ni yale ninayowapa wenzangu. Mimi ni fundi, si daktari. Pale pa daktari nitasema.

Zamani nilikuwa namwona ndege juu ya mvule. Macho yangu yamepatwa na nini?

Ndege bado huenda unamwona. Kilichokuhama ni uwezo wa kubadilisha masafa. Ndani ya jicho kuna lenzi ya asili ambayo ujanani ni laini, na msuli huifanya ibadilike umbo ili uone karibu. Miaka inavyokwenda lenzi hiyo inakakamaa. Kati ya miaka 40 na 45 hivi watu wengi huanza kusogeza gazeti mbali, na hali hiyo huendelea hadi kwenye miaka sitini, ndipo hutulia. Si ugonjwa, wala hukuyachosha macho kwa kusoma.

Kwa mwendesha baiskeli kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: mboni ya mzee haifunguki sana kama ya kijana, na lenzi yenyewe inakuwa ya manjano. Jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20. Ndiyo maana shimo ulilokuwa ukilikwepa saa kumi na mbili na nusu jioni sasa unalijua ukishaingia.

Naona mbali vizuri, ni simu tu inayonisumbua. Nahitaji miwani barabarani?

Ya kurekebisha macho, huenda usihitaji. Ya kukinga macho, ndiyo. Tuko karibu na ikweta, na Jinja yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miale ya urujuanimno hapa haina msimu wa kupumzika. Miale hiyo, vumbi na upepo ndivyo vinavyotajwa sana kama chanzo cha kile kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni, ambacho utakiona kwa wavuvi, wakulima na waendesha boda wengi. Miwani ya kawaida isiyo na nguvu yoyote, yenye kinga ya UV400, yaani inayozuia miale hiyo, na inayofunika pembeni, inakutosha.

Ila kapimwe kwanza. Wapo walioona mbali maisha yao yote kwa sababu lenzi laini ya ujanani ilikuwa ikificha upungufu mdogo. Mtu wa namna hiyo anapoteza karibu akiwa na miaka 42, na kufika 55 anashangaa kuona hata kibao cha barabara kina ukungu. Mambo haya huja polepole, naye hajui amepoteza nini mpaka awekewe lenzi mbele ya jicho.

Nilinunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi. Naweza kuiendeshea?

Hapana. Miwani ya kusomea ya +2.00, kwa mtu anayeona mbali vizuri, humwonyesha sawasawa kitu kilicho sentimita 50 tu. Kila kilicho mbele ya hapo kina ukungu: lori, mbuzi, mtoto anayevuka. Nimeona watu wakiishusha hadi ncha ya pua na kuchungulia juu yake, kama mwalimu mkuu. Kwenye tuta la kwanza inaanguka, na mkono unaondoka kwenye breki kuidaka.

Sitaki kuidharau lakini. Ina kazi yake, nitaitaja mwishoni.

Nikienda kupimwa nimwambie nini mpimaji?

Hili ndilo swali ambalo wangeliuliza mapema nisingekuwa na haja ya kujibu mengine.

Chumba cha kupimia kimepangwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Unasoma herufi ukutani, kisha unapewa kadi uishike sentimita 40 hivi kutoka usoni. Miwani inayotoka hapo inamfaa karani na mwalimu. Juu ya baiskeli hakuna kitu unachokitazama kwa sentimita 40. Kuna usukani, ambao kutoka jichoni uko kati ya sentimita 55 na 75 kutegemea baiskeli. Kuna ardhi mita tatu hadi kumi mbele ya gurudumu, mahali pa mashimo na vipande vya chupa. Na kuna barabara yenyewe mpaka upeo wa macho. Tena kichwa hakikai kama kwenye kiti. Ukiendesha baiskeli ya usukani uliopinda chini unainama, uso unatazama tairi na macho yanainuka, kwa hiyo unaona barabara kupitia ukingo wa juu kabisa wa lenzi. Ukiendesha baiskeli ya kawaida kama Hero unakaa wima kama mfalme, na mashimo unayaona kupitia sehemu ya chini ya lenzi. Lenzi ileile itamfaa mmoja na kumwangusha mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, panda baiskeli yako karibu na ukuta, ushike usukani kama unavyoushika safarini, na mtu apime kwa utepe kutoka pembe ya jicho lako hadi mahali pa simu au kompyuta ya baiskeli, kile kimashine cha kuonyesha mwendo. Andika. Mwambie pia akupige picha ya ubavuni ukiwa umeinama. Mpe mpimaji vyote viwili. Wapimaji wazuri hufurahi, maana kazi yao imerahisishwa. Kuna mmoja wetu aliingiza baiskeli nzima hadi ndani ya duka la miwani. Mlinzi hakupenda, lakini yeye ndiye mwenye miwani nzuri kuliko sisi sote.

Karatasi ya vipimo inasema nini?

Kuna mstari wa jicho la kulia, OD, na la kushoto, OS. SPH ni nguvu ya kuonea mbali: ya kutoa kwa asiyeona mbali, ya kujumlisha kwa upande wa pili. CYL na AXIS ni marekebisho ya jicho lisilo duara kamili. ADD ni nyongeza ya karibu inayoletwa na umri. Huanza kwenye +1.00 hivi na mara nyingi huishia +2.50. PD ni umbali kati ya mboni kwa milimita. Wengine huacha kuiandika. Iombe, kwa sababu huwezi kutengenezewa miwani nzuri mahali pengine bila hiyo.

Siri ya baiskeli iko kwenye ADD. Nyongeza kamili ni ya kitabu. Usukani uko mbali kuliko kitabu, kwa hiyo nguvu inayohitajika hapo ni karibu nusu ya ADD. Kama karatasi yako inasema +2.00, simu iliyo kwenye usukani utaiona vizuri kwa +1.00 au kupita kidogo.

Lenzi za nguvu moja, za mstari, au progresivu?

Mganga hajigangi. Nilipofika 51 nilijitengenezea lenzi za progresivu, zile ambazo nguvu inabadilika taratibu kutoka juu hadi chini bila mstari wowote. Dukani nilikuwa nikiwasifia wateja. Ofisini ni tamu kweli. Nikaivaa Jumapili ile tulipokuwa tukienda Iganga, juu ya baiskeli ya kukaa wima.

Lenzi ya progresivu ina njia nyembamba katikati ya picha safi, na pande zote mbili za chini picha inapindika na kuogelea. Hakuna kiwanda kilichoweza kuliondoa jambo hilo kabisa. Za bei hulipunguza tu. Sasa fikiria: Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo hatari inatoka nyuma upande wa kulia. Karibu na Magamaga nikasikia lori la miwa, nikageuza macho juu ya bega la kulia bila kugeuza kichwa vya kutosha, nikaliona lori linayumba kama liko majini. Nikarudisha macho mbele, nikashusha chini kutafuta ukingo wa lami, na pale chini palikuwa na nguvu ya kusomea. Ukingo haukuwepo mahali nilipouona. Nilipoteza ngozi ya kiwiko na heshima yangu ya ufundi.

Tangu hapo ushauri wangu ni huu. Kama hutazami kitu chochote kwenye usukani, chukua lenzi za nguvu moja, za kuonea mbali, ukubwa wote. Ndizo rahisi, ndizo zenye picha pana, na pande zote ziko sawa. Ningesema wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo. Simu ikae mfukoni. Ukitaka kuisoma, simama, nunua roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai), soma.

Kama lazima usome namba ukiwa kwenye mwendo, omba lenzi za mstari zenye kidirisha kidogo cha kuonea karibu, kiwekwe chini kuliko kawaida, na nguvu yake iwe ya usukani, ile nusu ya ADD, si ya kitabu. Vijana huzicheka lenzi za mstari kwamba ni za babu. Sawa, sisi ni babu. Mstari una adabu yake: unajua hasa mahali mbali panapoishia na karibu panapoanzia, na sehemu yote iliyobaki ni safi mpaka pembeni.

Progresivu siikatazi. Anayeinama sana juu ya usukani uliopinda huona barabara kupitia juu, palipo na nguvu ya mbali, na kompyuta yake kupitia katikati. Kwake zinaweza kwenda vizuri sana. Ajifunze tu kugeuza kichwa chote anapotazama nyuma, na avae miwani hiyo wiki mbili nyumbani na sokoni kabla ya kwenda nayo kwenye barabara ya malori.

Mimi ni kinyume: mbali sioni, lakini karibu naona bila miwani. Nifanyeje?

Una bahati usiyoijua. Mtu wa −1.50 bila miwani huona vizuri kitu kilicho sentimita 67 hivi, yaani hapohapo kwenye usukani. Chagua fremu isiyo na ukingo chini, lenzi iwe fupi kidogo, na ukitaka kusoma simu chungulia chini ya lenzi. Hulipi hata shilingi ya ADD. Mwenye −2.00 hupata sentimita 50. Kuanzia −3.00 mchezo huu hauchezeki.

Miwani ile ya michezo iliyopinda kuzunguka uso inaweza kuwekwa lenzi za vipimo?

Inaweza, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kukata lenzi yenyewe kwa mkunjo wa fremu. Picha ni nzuri na pembeni pamefunikwa, ila lenzi iliyopinda na kuinamia pembeni hubadilisha nguvu inayofika jichoni, hivyo maabara inapaswa kurekebisha hesabu. Asipolijua hilo, fundi atakupa miwani iliyo sahihi kwenye mashine na mbovu usoni. Utahisi ardhi imeinama. Uliza waziwazi kama marekebisho ya mkunjo yamefanywa. Kwa kawaida njia hii huishia karibu na nguvu ya 4, ya kutoa au ya kujumlisha, na CYL kubwa huifanya iwe ngumu zaidi.

Ya pili ni kifremu kidogo chenye lenzi zako kinachopachikwa nyuma ya miwani ya jua. Wenye kujiona hawakipendi. Kope hugusa, ukungu hupata nyuso mbili zaidi za kukaa, na ukitazama sana pembeni unaona ukingo wake. Lakini kwa mtu ambaye macho yake bado yanabadilika kila baada ya miaka miwili, mimi nakipenda: vipimo vikibadilika unabadilisha lenzi mbili ndogo, miwani ya nje inabaki. Vilevile unaweza kuwa na kioo cheusi cha mchana na cheupe cha alfajiri ukitumia kifremu kilekile.

Lenzi za kioo au za plastiki?

Kioo usikiweke mbele ya jicho lako juu ya baiskeli. Kikipasuka, unajua kinakokwenda. Polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, ndiyo ya kuomba: haivunjiki kirahisi, ni nyepesi, na yenyewe huzuia miale ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe kabisa. Aibu yake ni kwamba inakwaruzika upesi, kwa hiyo lazima iwe na tabaka gumu juu, na mwenye nguvu kubwa huweza kuona rangi kidogo kwenye kingo za vitu. Trivex, plastiki nyingine, ni ngumu vilevile na picha yake ni safi zaidi, ila ni ghali na si kila duka linayo. Plastiki ya kawaida ni safi kwa kuona, lakini kwa jiwe lililorushwa na tairi la lori siiamini.

Rangi gani?

Giza la lenzi si kinga. Lenzi nyeusi ya bei ya barabarani isiyozuia urujuanimno ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu mboni hufunguka kwenye kivuli chake na kupokea zaidi. Maduka mengi ya miwani yana kimashine cha kupimia jambo hili. Ni kazi ya dakika moja, omba.

Kwenye udongo mwekundu napenda kahawia. Inatenganisha shimo na kivuli vizuri. Kijivu huacha rangi kama zilivyo, na kinatosha lami. Ukiona namba ya daraja la giza, 3 ni ya jua kali la mchana na 4 ni nyeusi kupita kiasi, imekatazwa hata kwa madereva.

Lenzi zinazojigeuza rangi watu huniuliza sana. Ni nzuri kwa anayeondoka alfajiri na kurudi saa tano. Jua mambo mawili. Joto huzipunguzia giza, kwa hiyo huko Kabale asubuhi ya baridi zitakuwa nyeusi kuliko hapa Jinja saa saba mchana. Na kuwa nyeupe huchukua dakika kadhaa. Ukitoka Lugazi juani ukaingia msitu wa Mabira kwa kilomita 36 kwa saa, unakwenda mita 10 kila sekunde. Lenzi zitaanza kuelewa uko kivulini ukikaribia wauza kuku wa kando ya njia pale Najjembe. Jicho la mzee nalo lina uvivu uleule wa kuzoea kivuli, sasa una vivuli viwili. Mimi naishusha miwani puani nikiingia msituni, au navaa rangi nyepesi siku ya kwenda Kampala.

Lenzi za polaroidi huondoa mng'ao wa lami yenye maji, jambo tamu baada ya mvua. Lakini skrini nyingi za simu na kompyuta za baiskeli huwa nyeusi ukizitazama nazo kwa pembe fulani. Jaribu na skrini yako kabla ya kulipa.

Na usiku? Wananiambia ninunue ya manjano.

Pesa zako zitunze. Lenzi ya manjano hupunguza mwanga, na mwanga ndio unaokupungukia. Usiku vaa lenzi nyeupe zenye tabaka la kuzuia mng'ao, ziwe safi, vipimo viwe vya karibuni. Halafu fikiria kama safari ya usiku ni lazima. Hapa jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia bila kubisha hodi. Sisi wa Walukuba tuliamua kurudi nyumbani kabla ya hapo. Taa nzuri ya mbele ya baiskeli itakusaidia zaidi ya lenzi yoyote.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe (kontakti) je?

Zina raha yake: picha pana, hakuna ukungu, na juu yake unavaa miwani yoyote ya jua. Ila umri hupunguza machozi, upepo hukausha, na vumbi la barabara za huku likiingia nyuma ya lenzi utalia kando ya njia. Kama unazitumia, vaa miwani iliyofunika pembeni, beba matone ya machozi, na usizioshe kamwe kwa maji ya bomba wala ya ziwa. Kuna kijidudu majini kinachoweza kuharibu jicho.

Wengine hupewa lenzi ya mbali jicho moja na ya karibu jicho jingine. Ubongo huzoea, lakini kupima umbali kunapungua kidogo. Jaribu kwanza kwa miguu, kwenye ngazi.

Jasho, ukungu, vumbi, visubi vya ziwani?

Ukungu huja ukisimama, hasa baada ya kupanda mlima mvua inanyesha. Ukianza kwenda unaondoka. Fremu isikae imebana shavu, hewa ipite. Jasho linahitaji vishikizo vya pua vya mpira na kitambaa kipana chini ya helmeti. Miguu ya miwani iwe imenyooka, isiyojikunja sana nyuma ya sikio, ipite bila kugombana na mikanda ya helmeti, na isiwe minene kiasi cha kuziba jicho la kulia unapotazama nyuma. Angalia pia ukingo wa juu wa fremu: ukiwa umeinama, fremu inayokaa chini puani itakukatia barabara kwa mstari mweusi. Ijaribu dukani kwa kuinama hivyohivyo, watu watazame wanavyotaka.

Visubi, wale wanaotoka ziwani kama moshi, ukikutana nao upande wa Masese au Entebbe hutahitaji mtu kukushawishi kuvaa miwani. Na mdomo ufumbe.

Vumbi usilifute kwa shati. Kila punje ni msasa. Mwaga maji ya chupa kwanza, tone la sabuni kama lipo, kisha kitambaa laini.

Nina kisukari, na miwani ya mwezi uliopita hainifai tena. Fundi alikosea?

Huenda hakukosea. Sukari ikipanda au ikishuka sana, lenzi ya jicho hubadilika na namba hubadilika nayo. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa, kisha pimwa. Vinginevyo utanunua miwani ya sukari ya siku ile. Mwenye kisukari achunguzwe ndani ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Ambaye hana kisukari, baada ya miaka 40 kila miaka miwili inatosha, isipokuwa kama kuna mtu wa ukoo mwenye glakoma, presha ya macho. Ugonjwa huo huwapata sana watu wenye asili ya Afrika, huanza mapema kwetu, hauumi, na kinachoibwa kwanza ni pembeni: upande ambao mwendesha baiskeli anauhitaji kuliko kusoma herufi ukutani. Miwani haiurekebishi. Unapimwa kwa daktari, dawa zinauzuia usiendelee.

Baba ana miaka 68, ghafla anasoma gazeti bila miwani. Macho yamerudi ujana?

Tungependa. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho: lenzi ya asili inazidi kuwa nzito, inamsogeza kwenye kutoona mbali, na karibu panakuwa safi kwa muda. Muulize kama taa za malori zinamchoma macho usiku. Mpeleke kwa daktari, na baiskeli ipumzike kwanza.

Akifanyiwa upasuaji atawekewa lenzi ya bandia, kwa kawaida ya kuonea mbali, na atahitaji miwani ya karibu. Vipimo vya miwani hungoja jicho litulie, wiki nne hadi sita hivi. Vumbi na kurudi kwenye baiskeli ni kwa ruhusa ya daktari aliyempasua, si ya fundi wala ya kikundi.

Tunapimwa wapi?

Kampala kuna Mulago, na idara ya macho ya hospitali ya Mengo inajulikana tangu zamani. Mbarara kuna Ruharo. Watu wa mashariki, mpaka Busia na Malaba, huenda hospitali ya macho ya Wabenediktini kule Tororo. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Jinja ikiwemo, zina huduma za macho. Maduka ya miwani mjini hupima pia. Uliza kama anayepima amesomea kazi hiyo, maana Makerere inafundisha wapimaji wa macho na hakuna sababu ya kupimwa na muuzaji wa fremu. Ukishapata karatasi ni yako, unaweza kwenda nayo kukata lenzi popote.

Ni lini nisingoje Jumatatu?

Ukiona miale ya radi ndani ya jicho, nzi weusi wengi waliotokea ghafla, au pazia linalofunika upande mmoja: nenda hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa utando wa nyuma ya jicho (retina) unabanduka. Vivyo hivyo jicho likipoteza kuona ghafla, ukiona vitu viwiliviwili, au jicho jekundu lenye maumivu makali na duara za rangi kuzunguka taa. Usiende kwa baiskeli.

Nikipata pancha njiani sioni hata valvu. Nibebe nini?

Ile miwani ya mchuuzi ya +2.00. Ifunge kwenye kitambaa, iweke kwenye mfuko wa chini ya kiti pamoja na viraka na gundi. Ukisimama, ivae, tafuta mwiba kwenye tairi kwa macho kabla ya vidole, ziba, jaza upepo. Kisha ivue na uirudishe mfukoni kabla hujapanda. Mwenzetu mmoja aliisahau usoni, akaondoka nayo, na alikwenda mita mia mbili akilalamika kwamba ukungu umeingia Bugiri.